Sura ya Sita: Kungoja Kuna Bei

Katika maduka ya Gatwekera na Laini Saba, mitaa ya Kibera jijini Nairobi, mche wa sabuni ya kufulia haukai mzima. Mwenye duka anaulaza juu ya ubao, anaukadiria kwa jicho, anaupiga kisu, na punde si punde umekuwa vipande vya shilingi kumi na vya ishirini, vimepangwa kando ya unga wa kupima na mafuta ya kupima. Mteja mgeni huokota kipande kinachoonekana kikubwa. Mama aliyezoea kufua hubonyeza kimoja kimoja kwa kidole, akaacha kile laini kinachong'aa, akachukua kikavu kilichoanza kupauka pembeni, hata kama ni kidogo. Anajua kwamba sabuni mbichi ikilowa hulainika na kuishia majini kabla nguo za watoto hazijamalizika. Iliyokauka hudumu. Mwenye nafasi kidogo mwisho wa mwezi hununua mche mzima, akauweka juu ya kabati wiki kadhaa kabla ya kuugusa.

Ujuzi huohuo ndio unaouza sabuni za kifahari za Italia. Mnunuzi wa Milano au wa London anayelipa zaidi ya euro kumi kwa kipande kimoja analipia manukato, ndiyo, na karatasi nzuri, na jina. Lakini chini ya hayo yote analipia sabuni iliyopewa muda. Firenze wamepata njia ya kumlipisha mteja kwa ajili ya kungoja. Kibera, anayengoja hujilipia mwenyewe, na wengi hawana cha kulipa. Sura hii inahusu pengo hilo.

Duka la watawa

Mwaka 1221 watawa wa Mtakatifu Dominiko walipewa kanisa dogo nje ya kuta za Firenze za wakati huo. Walipanda mitishamba kwa ajili ya wagonjwa wao, wakakamua, wakachemsha, wakahifadhi. Mwaka 1612 walifungua duka lao la dawa kwa umma. Duka hilo lipo mpaka leo kwenye barabara ya Via della Scala, likiitwa Officina Profumo-Farmaceutica di Santa Maria Novella. Serikali ya Italia ilipotwaa mali za watawa mwaka 1866, biashara ikahamia mikononi mwa raia, lakini marashi, dawa za majani na sabuni viliendelea kutoka mlango uleule.

Wengi wa watengenezaji wengine wanaotajwa kwa heshima si wa kale hivyo. Cella wa Milano, anayejulikana kwa sabuni laini ya kunyolea ndevu yenye harufu ya lozi, alianza mwaka 1899. Valobra wa Genova ni wa mwaka 1903. Saponificio Varesino ilianzishwa 1945, na Nesti Dante wa Firenze 1947, wakati Italia bado inaokota vifusi vya vita. Hizi zilianza kama biashara ndogo za watu wenye sufuria kubwa, si kama hazina za wafalme. 

Kazi yenyewe inaelezeka. Mafuta na kostiki, yaani alkali kali, huchemshwa pamoja katika chungu kikubwa hadi yashikane na kuwa sabuni. Hutiwa maji ya chumvi, sabuni ikaelea juu, uchafu na kostiki iliyobaki vikashuka chini. Sabuni hukaushwa ikawa vipande vidogo, ikatiwa manukato, kisha ikapitishwa kati ya magurudumu mazito ya kusagia, mara tatu kwa sabuni bora, mpaka isibaki chembe ya kukwaruza ngozi. Baada ya hapo hushindiliwa, hukatwa, hupigwa mhuri na kuachwa itulie. Njia nyingine, ile ya mafundi wadogo, haichemshi kabisa: mafuta na kostiki huchanganywa, hukorogwa, humiminwa kwenye kalibu, na vipande vikishakatwa hupangwa kwenye rafu kwa wiki nne hadi sita. Sabuni ikikatwa kesho yake huonekana tayari. Haijawa tayari. Kostiki bado inamalizia kazi, na maji bado ni mengi.

Kila njia inalenga kupunguza maji. Sabuni nzuri ya kuogea hubaki na sabuni halisi inayokaribia au kuzidi robo tatu ya uzito wake. Wafaransa wa Marseille huigonga hesabu yao juu ya kipande chenyewe: 72%. Mche wa bei nafuu unaweza kuwa na uzito uleule mkononi, ila sehemu kubwa ni maji, na ndani yake kumetiwa silikati, magadi au udongo mweupe ili uwe mgumu. Mama wa Gatwekera anapobonyeza kipande kwa kidole, anapima kitu kilekile ambacho Marseille wamekiandika kwa tarakimu.

Simsim ya Lamu, soda ya Magadi

Mafuta yakikutana na alkali hutoa sabuni na gliserini. Kanuni hiyo haibadiliki ukitoka Genova ukaja Kawangware, Nairobi. Kilichowapa watu wa Mediterania nafasi ya mbele ni kwamba walikuwa na vitu viwili kwa wingi: mafuta ya zeituni, na mimea ya pwani yenye chumvi ambayo ikichomwa majivu yake hutoa soda. Savona, Venezia na Genova zilifanya biashara kubwa kwa vitu hivyo. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata njia ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na viwanda vikaacha kutegemea majivu.

Kenya soda hiyo haitafutwi kwa kuchoma chochote. Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi karibu na mpaka wa Tanzania, limejaa soda iliyoganda juu ya maji, na nyingine huendelea kuumbika kadiri inavyovunwa. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, ikajengewa reli kutoka Konza, na siku hizi iko chini ya Tata Chemicals ya India. Sehemu kubwa ya soda huenda ng'ambo, hasa kwa watengenezaji wa vioo. Nairobi wengi huijua magadi kwa njia ya jikoni: kijiko kidogo kwenye githeri ili maharagwe yaive upesi, au kwenye mrenda ili uteleze. Wachache hukumbuka kwamba soda hiyohiyo, ikichemshwa na chokaa, hutoa kostiki ya kutengenezea sabuni.

Na mafuta nayo yalitoka kwetu. Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Marseille wakaja Unguja na Lamu kutafuta simsim, kisha mbata za nazi. Amri ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1688 ilitaka sabuni ya Marseille itengenezwe kwa mafuta ya zeituni peke yake, lakini viwanda vya karne ya 19 vilikuwa na njaa ya mafuta rahisi kuliko zeituni. Hivyo zao la shamba la Lamu likasafiri, likapikwa, likakauka, likarudi sokoni likiwa na jina la Marseille. Mkulima alilipwa bei ya simsim. Wiki za chunguni na rafuni zililipwa kule zilikotumika.

Leo safari imegeuka. Mawese ghafi yanatoka Malaysia na Indonesia, yanashushwa Mombasa, yanasafishwa hapa nchini. Sabuni za Kenya nyingi hutoka kwa wasafishaji haohao wa mafuta ya kupikia: Bidco ya Thika, Kapa ya Nairobi, Pwani Oil ya pwani, Menengai ya Nakuru. Bidco yenyewe ilianza na nguo, ikaingia kwenye sabuni mwaka 1985, na mafuta ya kupikia yakafuata. Kwa kiwanda cha mafuta, sabuni ni njia ya kutotupa kitu: yale mafuta yasiyofaa sufuria ya chapati yanafaa beseni la nguo. Kiwanda cha aina hiyo hakina sababu ya kungoja. Kila siku ambayo mche umekaa ghalani, pesa zimelala. Kwa hiyo mche hutoka ukiwa bado na maji yake, na kazi ya kuukausha inahamia juu ya kabati la mteja.

Mikono ya mama fua

Kawangware imepakana na Lavington. Asubuhi wanawake wanashika Gitanga Road kwa miguu kuelekea kwenye majumba yenye uzio, wengine wanakaa kando ya barabara wakingoja mtu asimamishe gari aulize nani yuko huru. Hao ndio mama fua. Kutoka Kibera wenzao huelekea Kilimani na Lang'ata. Mama fua huosha mashuka ya nyumba mbili au tatu kwa siku moja akibahatika, na kazi yote anaifanya kwa mche wa kukata.

Tazama mikono yake jioni. Sabuni ya kufulia ina alkali kali, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya kola ya shati, si kwa ngozi. Vidole vinakunjamana, ngozi inapasuka kwenye viungo, na kostiki iliyobaki huchoma kwenye mipasuko. Dawa yake Nairobi nzima inaijua: Arimis, mafuta yaliyotengenezwa kulainisha chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, ambayo wananchi walishayahamishia mikononi mwao. Wengine hununua chupa ndogo ya gliserini kwa mwenye duka la dawa, wakachanganya na maji kidogo, wakajipaka.

Gliserini hiyo ilikuwa ndani ya sabuni. Kila mafuta yanapogeuka sabuni hutoa gliserini, na gliserini huvuta unyevu na kuuweka kwenye ngozi. Viwanda vikubwa huitenga kwa maji ya chumvi na kuiuza kando, kwa watengenezaji wa dawa na vipodozi, kwa sababu bei yake ni nzuri kuliko ya sabuni. Sabuni isiyochemshwa, ile ya kukaa rafuni wiki sita, hubaki nayo yote. Mwenye nyumba ya Lavington aliyeweka kipande cha fundi bafuni mwake amenunua sabuni ikiwa na gliserini yake. Mama fua aliyeosha bafu hilo amenunua sabuni kwa mkono mmoja na gliserini kwa mkono mwingine.

Na kipande cha bafuni hakimaliziki. Derreck Kayongo, Mganda ambaye familia yake ilikimbilia Kenya enzi za vurugu za Idi Amin, alipofika hoteli moja Philadelphia, Marekani, aliona wahudumu wakibadilisha sabuni kila siku, hata iliyoguswa mara moja tu. Baba yake alikuwa amewahi kutengeneza sabuni Uganda, kwa hiyo Kayongo alijua kazi iliyomo ndani ya kipande kile. Mwaka 2009 alianzisha Global Soap Project mjini Atlanta, ikikusanya sabuni za hoteli, kuzisafisha, kuziyeyusha na kuzifyatua upya kwa ajili ya watu wasio nazo. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizozipokea. Mwaka 2011 CNN ilimweka kwenye orodha ya mashujaa wake kumi. Alichokiokota Kayongo kwenye mapipa ya hoteli ni muda wa watu wengine, uliokwisha kulipiwa na kutupwa.

Beseni la lita 20

Ukiuliza Kibera kama kuna watu wanaotengeneza sabuni, utaelekezwa kwa vikundi vya vijana na vya akina mama, na karibu vyote vitakuonyesha sabuni ya maji. Ilishika kasi zaidi baada ya Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya na mitungi ya kunawia mikono ikasimama kila kona, mingine ikiwekwa na SHOFCO, shirika alilolianzisha Kennedy Odede papo hapo Kibera mwaka 2004.

Kazi huanza na beseni au ndoo kubwa, mwiko mrefu wa ugali na nailoni zenye malighafi zilizonunuliwa mjini kwa kilo. Kwanza hutiwa Ungarol, dutu nzito inayonata na kutoa povu. Juu yake hunyunyizwa chumvi. Mkorogaji anazungusha mwiko upande mmoja tu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, mpaka ule ute unakuwa mweupe na mzito. Maji huongezwa kidogo kidogo. Asidi ya salfoniki huja na magadi ya kuipoza ukali. Hapa ndipo anayejua anatofautiana na anayebahatisha: chumvi huifanya sabuni iwe nzito, lakini ikizidi kiwango inafanya kinyume, beseni zima likageuka maji, na kuongeza chumvi zaidi hakutalirudisha lilivyokuwa. Mwishoni ni rangi ya kijani au ya samawati, manukato, kisha usiku mmoja ili povu litulie. Asubuhi inapakiwa kwenye chupa zilizotumika za nusu lita na galoni za lita tano. Kufikia jioni pesa zimerudi.

Kwa kemia, hiyo si sabuni. Ni sabunifu, jamaa ya poda ya kufulia, na povu lake linatoka kwa malighafi zilizopikwa kiwandani. Inasafisha vizuri vyombo na sakafu. Bei yake ni ndogo, na kila nyumba inaihitaji. Lakini kikundi cha Gatwekera kinachouza chupa ya sabuni ya maji kinashindana na kila mtu mwenye beseni, maana malighafi ni zilezile na mapishi ni yaleyale. Anayetaka kuuza zaidi hupunguza bei au huongeza maji.

Kwa nini basi wasitengeneze vipande vya kukaa rafuni, ambavyo faida yake ni kubwa mara nyingi? Kostiki inapatikana. Mafuta ya nazi na mawese yanapatikana. Ujuzi unafundishika kwa siku chache. Vikwazo ni vitatu, na cha kwanza ni chumba. Nyumba ya kawaida Kibera ni ya futi kumi kwa kumi, ya mabati au ya udongo, na familia nzima hulala humo. Rafu za sabuni zinataka chumba kikavu chenye upepo, mbali na mvuke wa sufuria, na wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, sabuni yenye gliserini hutoa jasho. Unyevu uleule inaouvuta kwenye ngozi huuvuta kwenye hewa.

Kikwazo cha pili ni kibali. Sabuni inayouzwa rasmi Kenya inapaswa kuwa na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na KEBS hukagua mahali pa kazi kabla ya kutoa alama hiyo. Kona ya chumba cha kulala haipiti. Bila alama, duka la Kilimani halitaiweka rafuni, na hoteli haitaitazama.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito. Kodi ya nyumba inadaiwa mwanzo wa mwezi. Mtoto akipata homa, pesa zinahitajika leo. Kikundi kilichoweka shilingi zake ndani ya vipande vinavyongoja kitauza vipande hivyo kabla ya siku zake. Mteja ataviweka majini, vitalainika na kuisha, na atasema sabuni ya mtaani haidumu.

Sabuni ya kutoka Ulaya

Watu wa mitaa hii wamewahi kuuziwa sabuni kwa jina la Ulaya, na haikuwa ya Firenze. Mwaka 2001 daktari wa Kijapani Masazumi Harada, ambaye maisha yake yote yalihusishwa na wahanga wa zebaki wa Minamata, alichapisha pamoja na wenzake utafiti kutoka Kenya. Walikuwa wakifuatilia zebaki eneo la Ziwa Victoria, ambako ingetarajiwa kutoka kwenye samaki na machimbo ya dhahabu. Walipopima nywele za watu walikuta kiwango cha juu ambacho samaki hawakuweza kukieleza. Chanzo kilikuwa sabuni za kung'arisha ngozi zilizotengenezwa Ulaya, zikiwa na iodidi ya zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na huingia mwilini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu.

Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imekataza zebaki katika vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976. Kusafirisha sabuni hizo nje kulikatazwa mwaka 2003. Kwa zaidi ya miaka 25 katikati, kiwanda cha Ulaya kingeweza kutengeneza sabuni isiyoruhusiwa kuuzwa mtaa wa pili na kuileta Afrika. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa sabuni na krimu hizo duniani. Kenya nayo imezipiga marufuku, ingawa bidhaa za aina hiyo hazijaisha sokoni.

Nazitaja hapa kwa sababu zilibeba ahadi iliyo kinyume kabisa na ya sabuni ya rafuni. Ziliahidi haraka: ngozi nyingine baada ya muda mfupi. Na zilitumia sifa ambayo sabuni nzuri za Italia na Ufaransa zilikuwa zimeijenga kwa karne nyingi, kwamba kitu kikiandikwa kimetoka Ulaya kimefanywa kwa uangalifu. Mnunuzi wa Nairobi aliyeamini maandishi hayo hakuwa mjinga. Alikuwa anasoma alama ambayo mahali pengine ilikuwa ya kweli.

Paje wamethubutu

Afrika Mashariki kuna mahali ambapo kungoja kumeanza kulipwa. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na kazi hiyo ikawa ya wanawake. Kwa miaka mingi waliukausha na kuuuza kwa kilo kwa wanunuzi wa nje, kwa bei ndogo, na maji ya bahari yalipoanza kuwa moto ile aina iliyokuwa na bei nzuri ikawa inakufa. Pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kumezuka karakana za kutengeneza bidhaa kamili. Mwani Zanzibar ni mojawapo: wanawake wanaolima mwani wanausaga, wanauchanganya na mafuta ya nazi na viungo vya kisiwani, wanatengeneza sabuni na mafuta ya ngozi kwa mikono, na bei yao haioni haya mbele ya bei ya Firenze.

Waswahili hawakuhitaji kufundishwa anasa ya mwili. Bibi harusi wa Lamu au Mombasa husuguliwa kwa singo, hupakwa liwa, hunukizwa udi, nguo zake zikalala na asumini. Singo haisagwi asubuhi ya harusi. Maandalizi huchukua siku, na hakuna somo, mwanamke anayemwandaa bibi harusi, anayeona aibu kusema kwamba kitu kizuri kinataka muda. Kilichofanyika Paje ni kuutia utamaduni huo ndani ya karatasi yenye bei.

Paje ina watalii mlangoni, ambao Kibera haina. Lakini Kibera iko dakika chache kutoka Kilimani, Karen na hoteli za Nairobi, na nyumba za wageni za mbugani hununua bidhaa zao kupitia jiji hilohilo. Wateja wapo karibu. Kinachotafutwa ni namna ya kuvumilia mpaka siku ya kwanza ya kuuza.

Hesabu ya wiki sita

Tufanye hesabu kwa mfano. Kikundi kinatengeneza mkupuo mmoja wa sabuni kila wiki, na malighafi ya mkupuo mmoja tuseme ni shilingi 2,000. Sabuni inakaa rafuni wiki sita. Wiki ya kwanza hakuna mauzo. Ya pili hakuna. Kufikia mwisho wa wiki ya sita, rafuni kuna shilingi 12,000 ambazo hazijarudisha hata senti. Wiki ya saba mkupuo wa kwanza unatoka, na wa saba unaingia. Kuanzia hapo, kila wiki kitu kinaingia na kitu kinatoka. Mteja haoni pengo, na kikundi hakilioni pia. Kungoja kumelipwa mara moja tu, mwanzoni. Firenze walilipa deni hilo zamani, vizazi vilivyopita, na ndiyo maana siku hizi wanaonekana watu wasio na haraka.

Sasa chukua chama cha wanawake 12 wa Kawangware wanaochanga shilingi 200 kila wiki na kumpa mmoja wao. Kila wiki inatoka shilingi 2,400. Michango ya wiki sita ni 14,400, kiasi kinachozidi kile kilicholala rafuni. Yule anayepokea wa kumi na mbili amengoja karibu miezi mitatu, akichanga bila kukosa, kwa kuamini tu kwamba wenzake hawatatoroka. Uvumilivu ambao biashara ya sabuni inaudai tayari upo katika vyama vya mtaa, tena kwa muda mara dufu, na una kanuni, faini na daftari la karani.

Hesabu hiyo inavunjika pale dharura inapoingia, kwa sababu chama kinachogusa rafu kila mtoto anapougua hakitafika wiki ya saba. Kwa hiyo vyama vyenye busara hutenga mfuko wa shida mbali na mfuko wa kazi, na havikubali mmoja ukope mwingine. Vinavyobaki nje ya uwezo wao ni chumba na kibali, vitu viwili ambavyo haviwezi kuchangwa kwa 200 za kila wiki.

Semina za kufundisha utengenezaji wa sabuni Kibera ni nyingi. Mwezeshaji huja na malighafi, hukoroga mbele ya watu, huwapa vyeti, huondoka, na wanafunzi wake hurudi kwenye sabuni ya maji kwa sababu ndiyo inayolipa kesho. Mfadhili anayetaka matokeo mengine aache kufundisha mapishi. Akodishe chumba kimoja kikavu kwa mwaka, alipie ukaguzi wa KEBS, aweke malighafi ya wiki sita za kwanza mikononi mwa chama ambacho tayari kina daftari lake, kisha asirudi kuuliza habari za mauzo kabla ya wiki ya saba.